Hodi kwa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Masika yameingia leo katikati ya kipindi changu cha pepo za dunia, kana kwamba yalikuwa nje yakisubiri nimalize sentensi. Wanafunzi wote waligeukia madirisha, na mimi sikuwakataza. Nilisimama na chaki mkononi nikatazama nao.

Baadaye Mkuu wa shule akaniita ofisini. "Mwalimu, wewe ni mtu makini sana," akasema hata kabla sijakaa, nikajua kuna mzigo unakuja. Kumbe mwalimu wa fizikia amehamishwa, na timu ya roboti imebaki bila mlezi.

"Mkuu, mimi nafundisha jiografia."

"Kwani roboti si inatembea juu ya ardhi?"

Alicheka peke yake. Nikachukua mwavuli wangu nikaenda zangu. Nyumbani, baba watoto aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu. "Wewe? Rimoti ya televisheni yenyewe inakutoa jasho!" Ni kweli inanitoa jasho, lakini haikuwa lazima aseme.

Jumatano, 6 Machi

Karakana yao ilikuwa stoo ya viti vibovu. Mabati mawili ya paa ni yale yanayopitisha mwanga, nayo yameota ukungu, kwa hiyo humo ndani kila kitu ni kijani kibichi: meza, nyuso, hata chai yangu. Mvua inapopiga bati husikii kitu kingine. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango nikajiona kama niko ndani ya chupa.

Roboti ina kimo cha mbuzi, magurudumu manne na mkono mmoja mrefu wenye makucha. Kazi yake mashindanoni ni kuokota maboksi sakafuni na kuyapanga kwenye rafu. Wanaiita Shangazi. Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu hachukui kitu kabla hajakigeuzageuza," akasema kijana anayeiendesha, ambaye wanamwita Dereva.

Wana desturi yao. Kabla ya kuwasha umeme, Dereva anapaza sauti: "Hodi!" Kila aliyemo ndani anajibu "Karibu!", maana yake mikono yangu imetoka kwenye mashine. Wasipojibu wote, Shangazi hawashwi. Nikaona ni jambo zuri, nikatabasamu. Hapo ndipo binti mmoja mrefu, mwenye sweta la kijani lililochakaa viwiko, akanigeukia. Huyu ndiye Nahodha wao.

"Mwalimu, bado wewe."

"Mimi niko kwenye kiti, binti."

"Nimekuona, Mwalimu. Ila hujasema karibu."

Karakana nzima ikanigeukia. Nikasema karibu kama mtu anayemeza dawa chungu. Umri wangu wote huu nasimamiwa na mtoto wa kidato cha nne! Huyu tutasumbuana.

Alhamisi, 7 Machi

Rasharasha tu. Kipimamvua changu cha pale uwanjani hakikupata hata cha kulowanisha kidole.

Jumanne, 12 Machi

Dereva ni kijana wa kupendwa. Nikifika ananiamkia, anapangusa kiti changu kwa kitambaa, anauliza habari za magoti yangu. Anaendesha Shangazi macho nusu yamefumba, na lile dude linaserereka sakafuni kama linaota. Ameigeuza ile hodi kuwa wimbo. Anaivuta: "Hooodiii!" Wenzake wanaitikia kwa makofi: "Karibu, karibu!" Hata mimi siku hizi naitikia na mguu unacheza. Mdogo wao kuliko wote, msichana wa kidato cha kwanza anayeitwa Nati kwa sababu kazi yake ni kuokota nati zilizoanguka, huitikia kwa sauti ya juu kabisa.

Nahodha haimbi. Nahodha anauliza nani ameacha spana kwenye kiti, nani amechaji betri, nani hakufagia. Nikimsikiliza nachoka kama mimi ndiye niliyeacha spana.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Magoti.

Jumatatu, 18 Machi

Mkuu ametuletea habari. Mwaka huu waandaaji wa mashindano watawatambua wanafunzi viongozi. Kila timu itatoa jina moja tu, la kiongozi bora, na atakayelichagua ni mwalimu mlezi. Huyo atavishwa nishani mbele za watu na kupewa nafasi ya mafunzo ya likizo, mwaka mzima, kwenye chuo kikuu cha ufundi cha hapa mjini.

Nilipowasomea, wengine walipiga kelele na kutaniana. Nahodha hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, macho yametua juu ya bati la kijani. Walipotawanyika akanifuata akiwa na kikombe changu alichokwisha kukiosha.

"Mwalimu, mama yangu anafua mashuka ya mabweni ya hicho chuo. Jumamosi nampelekea mzigo. Naishia mlango wa nyuma, pale kwa dobi. Kuna ukuta, na nyuma ya ukuta ndiyo karakana yao. Nazisikia mashine tu. Sijawahi kuziona."

"Utaziona siku moja, Mungu akipenda."

"Nataka niseme wazi, Mwalimu. Mimi hiyo nafasi naitaka."

Sisi tulifundishwa kwamba kitu unachokitaka unakizunguka kwanza, unakohoa, unazungumzia hali ya hewa. Huyu anakiendea moja kwa moja, tena uso mkavu. Nikamwambia tutaona.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua ya kutwa, ile ya taratibu isiyo na haraka ya kwenda popote. Nilisinzia kwenye kiti, nikaota Shangazi ametoka nje ya karakana na anatembea uwanjani chini ya mvua, anaokota matone moja moja, anayageuza, anayapanga hewani kama yako kwenye rafu. Na mimi nilikuwa nyuma yake na kipimamvua, namwomba aniachie kidogo. Nilipozinduka vijana walikuwa wananyata ili wasiniamshe. Dereva alikuwa amenifunika koti lake.

Jumanne, 26 Machi

Nahodha amechelewa. Kaingia kazi iko karibu kwisha, sweta limelowa mabega yote. Sikumuuliza, naye hakusema.

Jumatano, 3 Aprili

Amechelewa tena. Tena kalowa.

Nikamsimulia baba watoto. Akasema binti wa umri ule akilowa mvua hovyo, pana mvulana mahali. Sikupenda alivyosema, lakini neno lilinikaa kichwani. Kwa nini utake nafasi kwa nguvu zote halafu usije kazini?

Jumatatu, 8 Aprili

Nimegundua kitu. Siku Nahodha hayupo, karakana inapumua. Vijana wanaulizana wenyewe. Nati alisimama juu ya kreti akawaeleza wakubwa zake kwa nini mnyororo unalegea, na wao wakamsikiliza. Mwezi mmoja tu uliopita angemkimbilia Nahodha kwa kila nati. Dereva anaimba, kazi inakwenda. Nilijisemea kwamba huyu kijana ana karama ya kuwafanya watu wachanue.

Nje mvua ilikuwa imetanda dirishani, kioo kimefuka mvuke. Kwa muda nilidhani naona kivuli cha mtu pale, kisha nikadhani ni mti.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka jina. Nimempa Mkuu jina la Dereva.

Sikukurupuka. Nililala nalo na kuamka nalo. Kiongozi ni mtu aliyepo, na Nahodha hayupo. Kiongozi ni mtu ambaye wengine wanafurahi wakimwona. Nilipotoka ofisini nilijisikia mwepesi. Nikapita kwenye kipimamvua changu, nikamwaga maji, nikakisimika upya. Ila njia nzima ya nyumbani niliona mikono ile ikishika ukingo wa meza.

Alhamisi, 18 Aprili

Nitaandika yote, maana nikiyaacha kichwani nitaanza kuyapunguza.

Mvua ilikuja na upepo. Bati likanguruma mpaka vijana wakawa wanazungumza kwa ishara. Nahodha, kama kawaida, hakuwepo. Nati alikuwa amepiga magoti, mkono ameupenyeza chini ya bega la Shangazi kutafuta nati iliyodondoka. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, chai mkononi, nusu macho nusu usingizini, kila kitu kijani na mbali.

Dereva akashika rimoti. "Hooodiii!"

"Karibu, karibu!"

Waliitikia wote, makofi na yote. Niliitikia na mimi. Na Nati akaitikia, sauti yake ya juu kabisa, mkono wake ungali ndani. Hakuna aliyedanganya. Mwezi mzima tumeuimba wimbo huo, ukafika mahali ukawa unatuimba wenyewe. Mdomo ulisema karibu kwa mazoea, mkono haukuulizwa.

Mkono wa Shangazi ukashuka.

Nati alifungua kinywa na sikusikia kitu. Sijui kama hakulia au mvua ililimeza lile yowe. Dereva alibaki ameganda, dole gumba lake limenata kwenye rimoti. Mimi nilisimama, na ninachokumbuka ni kwamba nilitafuta mahali pa kuweka kikombe. Mungu anisamehe, nilitafuta mahali pa kuweka kikombe.

Mlango ukapigwa teke. Nahodha akaingia amelowa chepechepe, akavuka chumba, akagonga kitufe chekundu. Shangazi akazimika. Akapiga magoti, akaingiza spana akazungusha gia kinyumenyume kwa mkono, pole pole, huku anasema, "Nitazame mimi. Usiutazame mkono. Nitazame mimi tu. Uliniambia nini juu ya paka wenu? Alizaa wangapi?" Nati akamwambia. Na hapo kidole kikatoka.

Hakikuvunjika. Ukucha umeng'oka na kidole kimevimba. Muuguzi wa shule amekifunga na kusema kitapona. Niliporudi karakana nikamkuta Nahodha anakausha sakafu kwa tambara. Dereva alikuwa amechuchumaa kwenye kona.

"Ni mimi," anasema. "Nimemuumiza mtoto wa watu. Ni mimi."

"Si wewe peke yako," Nahodha akamwambia, hakuinua uso. "Tumeimba wote."

Yeye hakuwa ameimba. Hajawahi kuimba hata siku moja. Nilisimama mlangoni nikaona aibu iliyonipanda kutoka miguuni.

Halafu nikarudi chumba cha muuguzi, nikakaa na Nati wakati anasubiri mama yake. Nikamuuliza ni vipi Nahodha alijua akiwa huko nje. Akanitazama kama anashangaa kwamba sijui.

"Si huwa yuko dirishani, Mwalimu?"

"Dirishani wapi?"

"Nje. Anasimama pale chini ya ukingo wa paa, anatutazama. Anasema akiwa ndani tunamuuliza yeye kila kitu, na yeye mwakani hayupo. Kwa hiyo anakaa nje mpaka tuzoee. Sisi wote tunajua." Akapuliza kidole chake kilichofungwa. "Mvua inamnyeshea, lakini anasema hamna shida."

Nimefika nyumbani sikula. Baba watoto kaniuliza kuna nini, nikamwambia yule mvulana wako wa kwenye mvua hakuwepo kamwe.

Ijumaa, 19 Aprili

Wimbo umefutwa. Wamekaa duara leo, Nahodha kawauliza wafanyeje, wakabishana mpaka wakakubaliana. Kuanzia sasa Dereva akisema hodi, hakuna anayejibu. Kila mtu anainua mikono yote miwili juu, viganja wazi. Mtu mmoja anaizungukia kwa macho, mkono kwa mkono, na akiridhika ndiye anayesema karibu, peke yake. Walipoulizana awe nani, hawakuuliza kwa muda mrefu.

Nahodha akasimama katikati. Aliitazama kila jozi ya mikono bila haraka, kana kwamba kila mmoja alikuwa mtu wake wa pekee. Alipofika upande wangu macho yake yalipita juu ya kiti kama yanavyopita juu ya kabati. Hakuniambia bado wewe. Mimi nilimfundisha asiniambie.

Ningeweza kuinua mikono. Nilikuwa na kikombe.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Mkuu kubadilisha jina. Akapiga simu kwa waandaaji mbele yangu, akasikiliza, akakata. "Nishani zimeshachongwa majina. Na chuo kimeshapokea orodha. Mwalimu, si mwenyewe ulisema kijana ana karama?"

Nilisema. Na karama anayo. Hilo ndilo linaloniuma, maana sikutoa jina la mtu mbaya. Nilitoa la yule aliyenifunika koti.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwambia Nahodha. Sikutaka alisikie mbele ya umati. Nilimngoja mpaka wenzake wametoka, nikasema bila kuzunguka, kama anavyosema yeye: jina nililopeleka ni la Dereva, nilidhani unatoroka kazi, nimekosea, nimejaribu kurekebisha na imeshindikana.

Alikuwa anakaza nati kwenye gurudumu. Aliendelea kuikaza muda mrefu kuliko inavyohitaji nati yoyote.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ningekuuliza."

"Nimeumia, Mwalimu. Sitasema sijaumia ili wewe ujisikie vizuri."

"Usiseme."

Akaweka spana mahali pake ukutani, pale palipochorwa kivuli chake. Akaenda dirishani, upande wa ndani safari hii, akafuta mvuke kwa kiwiko cha sweta na kutazama nje palepale alipokuwa akisimama. Mabega yakaanza kumtikisika. Sikujua kama naruhusiwa kumshika. Nilisimama karibu naye tu, tukaitazama mvua hadi ilipopungua.

Jumatano, 24 Aprili

Hakuja.

Alhamisi, 25 Aprili

Hakuja. Nilitoka nje kuangalia chini ya ukingo wa paa. Pana alama mbili za viatu zilizodidimia kwenye udongo, zimejaa maji. Muda wote huu nimekuwa nikipima mvua kwenye chombo kisicho chake.

Ijumaa, 26 Aprili

Amekuja. Kaingia, kauliza nani kaacha spana kwenye kiti. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Alhamisi, 2 Mei

Dereva amejua habari ya jina. Nati hana breki mdomoni. Kijana amekuja juu, anasema nishani hataivaa na nafasi anaikataa. Nahodha akamsikiliza huku anavingirisha waya.

"Ukikataa inarudi kwao. Haiji kwangu."

"Lakini si haki!"

"Si haki. Nenda hivyo hivyo. Ukazione hizo mashine vizuri, uje unieleze kila moja. Ukisahau hata moja tutakosana."

Dereva akakaa sakafuni akalia waziwazi kama mtoto mdogo, na Shangazi kasimama juu yake mkono umeinama. Kwa nuru ile ya kijani ungedhani anambembeleza.

Jumanne, 7 Mei

Mvua inalegea. Inakuja asubuhi, inajutia, inaondoka.

Jumatatu, 13 Mei

Leo Nahodha amekaa kitako na kusema, "Leo mikono anahesabu Nati." Nati akapanda kwenye kreti na kidole chake kisicho na kucha, akaanza kuzungusha macho. Alipomfikia Nahodha akasimama.

"Mkono wako wa kushoto uko mfukoni."

Kweli ulikuwa mfukoni. Nadhani aliuweka makusudi. Akautoa, akauinua, akatabasamu kidogo, kile kitabasamu ambacho nilikuwa nimeanza kuamini hana. Kwenye kiti changu Nati hakufika kabisa. Amejifunza kwa mwalimu wake, Nahodha.

Jumapili, 19 Mei

Nimeota tena. Mabati yametoka na mvua inaingia karakana bila kumlowesha mtu. Vijana wote wameinua mikono na mimi natafuta ya kwangu. Naangalia chini ya kiti, naangalia ndani ya kikombe.

Jumamosi, 25 Mei

Ukumbi wa mashindano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sauti zilifika zikiwa zimechoka. Taa nyeupe, zulia la buluu, timu kila kona na mashine zake. Sisi tulipewa kona karibu na mlango wa kupakulia mizigo. Tulisukuma Shangazi ndani amefunikwa shuka, kama mgonjwa.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Mzunguko wa pili mkono ulikwama katikati ya rafu, na saa inakimbia. Nikamtazama Nahodha. Alikuwa amekaa kwenye benchi la timu, mikono yake ameikalia kabisa, ameikandamiza chini ya mapaja ili isiende popote. Macho yake yaliona tatizo, hilo nina hakika. Midomo ameibana. Nati akateleza chini ya bega la Shangazi, akachomoa mnyororo, akaurudisha, akatoka, akageuka kuhesabu mikono. Hakumtazama Nahodha hata mara moja. Boksi la mwisho likapanda kwenye rafu. Hapo ndipo Nahodha akaachia pumzi, na mimi nikaachia yangu.

Hatukushinda. Tumekuwa wa katikati, na vijana walirukaruka kama wamepewa dunia.

Kisha ukafika wakati wa viongozi bora. Jaji mkuu ni mama mmoja mrefu, mkufunzi wa hicho chuo, miwani yake inaning'inia kwa uzi. Aliita timu baada ya timu. Likaja jina la Dereva. Akapanda jukwaani, akainamisha shingo, akavishwa nishani, akapewa kipaza sauti atoe neno la shukrani kama wenzake. Alikishika kwa mikono yote miwili. Ukumbi ukamngoja.

"Hodi," akasema.

Safu nzima ya timu yetu ikainua mikono. Hakuna aliyejibu.

Watu wakacheka kidogo, wale wa kucheka. Dereva hakucheka. Alisimama pale anangoja, na kimya kikawa kirefu mpaka kikaanza kumuuliza kila mtu kina maana gani. Jaji mkuu alimtazama yeye, akatutazama sisi, akabana karatasi zake kwapani na kuinua mikono yake mwenyewe, pengine akidhani ndivyo inavyotakiwa. Safu ya mbele wakamfuata. Kisha nyuma yao. Ikaenda hivyo ukumbi mzima, wazazi na simu zao, waamuzi na filimbi zao, mama mmoja akainua na vikono vya mtoto aliyelala begani. Nuru nyeupe, na mikono mitupu kila mahali, hakuna anayesema kitu. Nilijifinya paja nijue kama niko macho.

"Kwetu hatuwashi kitu mpaka yeye aseme," Dereva akasema. "Mimi naendesha tu. Anayetuongoza amekaa pale. Mwenye sweta la kijani."

Nilidhani Nahodha atajificha uso. Alisimama. Na akaanza kuhesabu, kwa sababu hajui kufanya jambo hilo nusu. Akaanza na wetu, mmoja mmoja, akafika kwa Nati. Akatazama mikono ya jaji mkuu kule jukwaani, mmoja, halafu wa pili. Kisha akageuka nyuma, kwenye safu yangu.

Mimi nilikuwa na mwavuli, mkoba, na chupa ya chai magotini. Macho yake yalikuja, na safari hii hayakupita. Yalingoja.

Nikaachia vyote. Chupa ya chai ilianguka ikabingirika chini ya viti, niliisikia inakwenda mbali, inagonga miguu ya watu. Nikainua mikono yangu, yote miwili, viganja wazi, juu kadiri magoti na mabega yalivyoniruhusu. Aliutazama mmoja, akautazama wa pili, kwa muda uleule aliowapa wengine wote.

"Karibu," akasema.

Jumatatu, 27 Mei

Kipimamvua kikavu. Masika yamekwisha.

Jaji mkuu amempigia Mkuu simu. Nafasi ya mafunzo haipo, ni ile moja tu na mwenyewe yupo. Ila chuoni kwao wanafunzi huumia vidole kila mwaka, na anamwomba yule wa sweta la kijani aje Jumamosi awafundishe watu wake kuhesabu mikono. Ndani, kwenye karakana.

Nilimkuta Nahodha anafagia, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea ufagio, kisha akatazama juu, kwenye lile bati la kijani. Jua la leo lilikuwa linapenya moja kwa moja na kumwagika usoni mwake.

"Jumamosi nampelekea mama mashuka," akasema.

"Nitayabeba mimi."

Akafagia kidogo. Akasimama tena.

"Sasa, Mwalimu, nitapitia mlango gani?"